Bibi Kapumzika

Ugomvi wote ulianzia kwenye neno moja: flati.

Nilikuwa barazani usiku, naongea kwa simu na rafiki yangu wa Dar es Salaam, mgonjwa mwenzangu wa darubini. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa: "Ndugu yangu, flati bado sijapata. Mwezi wa pili huu nahangaika. Hii mwanga hafifu, ile mwanga unaingia upande mmoja. Mimi nataka nyeupe, safi, mwanga sawasawa pembe zote." Ndani, nyuma ya pazia, mama watoto alikuwa anapepeta mchele. Nikasikia ungo umenyamaza.

"Flati ya nani?" akauliza.

"Si ya mtu," nikasema, "ni ya kazi zangu za usiku."

Wallahi nilijibu hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi akachukua watoto wawili na begi moja, akapanda daladala kwenda kwa dada yake Pongwe. Aliniachia nyumba, bibi, na ufagio ameuegemeza mlangoni kwa namna ambayo niliielewa.

Sasa nyie mniamulie. Kazi yangu ni fundi simu, pale Ngamiani. Ugonjwa wangu ni kupiga picha za anga. Nina darubini ndogo ya lenzi, mdomo wake milimita 80, na kamera ya mtumba niliyoinunua kwa jamaa aliyechoka kupiga picha za harusi. Juu ya nyumba yetu Chumbageni kuna ghorofa ambayo marehemu baba aliianza na hakuimaliza: sakafu ya zege, nondo zimechomoza kama mabua ya mahindi baada ya mavuno. Hapo ndipo kilipo kituo changu. Mwezi wa Julai masika yamekwisha kupita, kusi linavuma, na kuna usiku ambao anga la Tanga huwa kama limefuliwa. Nge, lile kundi la nyota, yuko juu, mkia kaukunja. Ubavuni mwake Mshale, na humo ndimo lilimo wingu la gesi liitwalo Lagoon, la 8 katika orodha ya vitu vya angani ya Mfaransa Charles Messier. Ukitoka nje ya taa za mji, unaliona kwa macho matupu kama doa la moshi.

Ubaya ni kwamba picha ukiipiga inatoka na kasoro mbili. Kona zake zina giza, kwa sababu lenzi haipeleki mwanga sawa katikati na pembeni. Na vumbi likitua kwenye kioo kilicho mbele ya sensa (jicho la kamera linalonasa mwanga, si ile ya kuhesabu watu) linaacha madoa ya mviringo, kama alama ya kikombe cha kahawa mezani. Dawa yake ni kupiga picha za weupe mtupu: mwanga ulio sawa na si kingine, kwa darubini ile ile, kamera haijazungushwa hata unywele, fokasi haijaguswa. Halafu kompyuta inaigawanya picha ya nyota kwa picha ya weupe. Kona zinanyanyuka, madoa yanafutika. Unapiga 20 au 30 ili chembechembe za moja zimezwe na wingi wa wenzake. Hizo ndizo flati. Nyumba ndogo haimo humo.

Kazi ni kuupata huo mwanga. Mtu akisikia "mwanga mweupe ulio sawa" anadhani ni kitu cha kwenda kununua dukani na chenji inabaki. Nilianza na kanga ya mama watoto, nyekundu. Nikaifunga mdomoni mwa darubini asubuhi moja nikaielekeza juu. Kamera ikaona wekundu mtupu. Buluu ilikuwa gizani, na picha niliyoisafisha kwa flati zile ilitoka na vipele vya buluu mwili mzima kama mtoto mwenye surua. Kanga yenyewe iliandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Ningesoma kwanza.

Nikaazima kwa jirani msusi ile taa yake ya duara ya kupigia video za TikTok. Taa nzuri, ila pale katikati, palipotakiwa mwanga kuliko kote, ndipo penye tundu. Nikaiziba kwa karatasi. Hapo nikakutana na shetani mwingine: kupwita. Taa nyingi za LED zikipunguzwa mwanga haziwaki mfululizo, zinawaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Hata taa za umeme wa ukutani, kwa huu umeme wetu wa hezi 50, nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde moja. Sasa taa ikiwa kali, kamera inalazimika kufumbua na kufumba kwa sehemu ya 1 kwa 1,000 ya sekunde, inaukuta mwanga uko njiani, na flati inatoka na mistari kama kikoi. Kinachosaidia ni kuufifisha mwanga mpaka kamera ibaki wazi sekunde nzima au zaidi, mapigo yote yachanganyike. Haya nimeyajua baada ya kupata vikoi 40.

Tableti ndiyo iliyonifikisha karibu. Ilikuwa ya mteja, nimekwisha kuitengeneza. Nikafungua ukurasa mweupe, nikapanga karatasi tatu juu yake, nikailaza kifudifudi kwenye mdomo wa darubini inayotazama juu. Picha ya 1 safi. Ya 2 safi. Ya 6 ikaingia meseji kutoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la "Fundi Bomba": Umefika wapi kipenzi? Ya 7 ina kivuli cha meseji. Ya 8 kioo kikalala. Mwenye tableti alipokuja kuichukua nilimkabidhi huku natazama ukutani.

Ndipo usiku wa Ijumaa ile, siku mbili tangu mama watoto aende Pongwe, nikalipata Lagoon sawasawa. Picha 90 za dakika mbili mbili, saa tatu nzima, si wingu wala umande. Nilipomaliza sikuthubutu kuigusa kamera, maana ukiitoa tu, vumbi linahama na flati utakazopiga hazina ndoa tena na picha ulizopiga. Nikaivisha darubini kiroba cha unga, nikashuka kulala. Rafiki yangu wa Dar akaniambia: acha ufundi mwingi, tumia anga lenyewe. Jua likishazama kuna dakika chache ambazo anga ni taa moja kubwa isiyopwita. Funga kitambaa cheupe mdomoni, kisiwe na kunyanzi, piga.

Kitambaa cheupe. Fulana zangu nyeupe ni nyeupe kwa jina. Kanzu yangu ya Idi ina ramani ya biriani kifuani. Jumamosi nikamlisha bibi wali wa nazi na changu, nikakaa naye mpaka akapitiwa na usingizi, nikachukua baiskeli mbio mpaka Ngamiani, kwa mzee mmoja muuza vitambaa anayeijua familia yetu tangu enzi za babu.

Ifahamike kwamba bibi yangu, mzaa mama, ana miaka 80 na ushei. Mwaka wa kuzaliwa haujui, ila anasema siku Tanganyika inapata uhuru alikuwa tayari ana mchumba. Wiki ile ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye malaria, na mtaa mzima ulikuwa umeshapita kumtazama na kutingisha vichwa mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Nataka kitambaa cheupe, babu. Kiwe pamba tupu. Kisiwe na doa, kisiwe na mshono."

Mzee akavua miwani. "Kisiwe na mshono," akarudia taratibu.

(Mshono unatupa kivuli. Hilo kila mpiga flati analijua.)

"Na nakitaka sasa hivi, babu. Jua likizama sijamaliza, ndiyo basi tena, mpaka kesho."

"Ni kweli," akasema. "Haifai kulaza."

Nikafurahi. Mji mzima huu, nimepata mtu mmoja anayeelewa.

"Na bibi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Bibi kapumzika," nikamwambia. "Baada ya adhuhuri hivi. Usiku alisumbuka sana na kikohozi, lakini sasa katulia. Nilikaa naye mpaka akafumba macho, ndiyo nikapata nafasi ya kukimbilia huku."

Mzee akafumba macho, midomo ikawa inachezacheza. Nikadhani anapiga hesabu ya bei. Kisha akateremsha jora la bafta, akaanza kupima kwa mkono, kutoka kidoleni mpaka puani, yadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwambia babu, nusu yadi inanitosha, mdomo wenyewe ni huu tu, nikamwonyesha kwa vidole. Akanishika mkono, akauteremsha chini polepole kama unavyomteremsha paka mezani. Akapima yadi kumi. Akachana, ile sauti ya bafta inayochanika, kraaaa, wanawake wawili waliokuwa wanachagua kanga wakageuka, wakanitazama, wakatazamana.

Nikatoa pesa. Akazirudisha mfukoni mwangu mwenyewe. "Nenda, mwanangu. Ya pesa tutazungumza siku nyingine. Wewe wahi."

Njiani nilikuwa nauimba mji wetu. Waja leo waondoka leo, wanasema, lakini kwa ukarimu ule mwenye akili haondoki. Bafta iko nyuma kwenye keria inameremeta. Kila ninapopita watu wananiambia pole. Muuza kahawa: "Pole sana." Nikamjibu nimeshapoa. Vijana wa bodaboda, ambao hata salamu huwa hawana: "Pole, kaka." Nikajitazama, kweli natoka jasho. Nimeshapoa, nimeshapoa, mpaka nyumbani.

Bibi alikuwa bado amelala. Nikamrudishia shuka, nikaacha mlango wa mbele wazi apate hewa, nikapanda juu.

Kazi ya bafta haitaki papara. Nilikata kipande, nikakikunja mara mbili, nikakivuta juu ya mdomo wa darubini mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma, nikakikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kwenye mwanga wa jioni unaona nyuzi zake, moja moja, kama wavu wa dagaa, lakini darubini haizioni. Imefokasi kwenye nyota, kitu kilicho puani kwake ni ukungu tu. Kilichobaki, yadi tisa na zaidi, nikakitundika kwenye nondo kisichafuke. Upepo wa kusi ukakidaka, kikajaa kama tanga la jahazi. Kutoka barabarani, nimekuja kuambiwa, kilionekana vizuri sana.

Jua letu sisi wa karibu na ikweta halizami kwa kujiegesha ubavu kama la Ulaya. Linaanguka wima, kama nazi. Mida ile ya saa 12 na dakika 20 na kitu linapotoweka, una dakika 20 hivi za kazi, na kila dakika mwanga unapungua, lazima uongeze muda wa kamera. Nikaitazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga ulivyo: kilima kimekaa katikati, barabara. Nikaanza. Moja. Mbili. Nahesabu kwa sauti, nimeinama, kichwa karibu kinagusa darubini.

Adhana ya magharibi ikaisha. Nikasikia spika ya msikitini inakohoa, halafu tangazo, upepo unalichukua na kulirudisha: kifo cha bibi yetu… hapa Chumbageni… nyumba yenye ghorofa isiyokwisha, karibu na mwembe…

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," nikasema, nikapiga picha ya 9. Nikawaza, kumbe kuna mwingine mtaa huu aliyeanza ghorofa likamshinda. Nikamfarijikia marehemu baba.

Picha ya 11 nikasikia viti vya plastiki vinaburutwa. Nikadhani kwa jirani kuna shughuli. Nikasikia mtu anasema vuta huku, kaza kamba, na pembeni ya sakafu yangu, chini kidogo, pakainuka turubai jeupe kubwa, likasimama uani kwetu. Kabla sijaelewa, mtu akachomeka ile taa kubwa ya LED ya kwenye maharusi. Mwanga ukapiga ukingo wa darubini, bafta ikang'aa upande mmoja kama mwezi wa siku saba. Kwisha flati.

Nikakimbilia ukingoni, nikasahau kwamba bafta ya kwenye nondo imenizonga mabegani. "Zimeni!" nikapiga kelele. "Zimeni jamani! Nipeni dakika kumi tu, mnaniharibia kila kitu!"

Chini uani palikuwa na watu kama sitini. Wote wakanitazama mimi juu, nimejivika yadi tisa za bafta, nalia dakika kumi. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akawaambia wenzake, nikamsikia kabisa: "Muacheni. Kila mtu na anavyolia."

Yaliyotokea chumbani sikuyaona. Nayasimulia kama walivyonisimulia waosha maiti wenyewe, wanawake wawili wazoefu wa mtaa wetu, baada ya kupewa maji ya kunywa. Waliingia na beseni, kafuri na chetezo cha udi. Waliona mjukuu amechanganyikiwa huko juu, mke hayupo, wakaona heri waanze. Wakasoma dua. Mmoja akamfunua shuka usoni.

Bibi akafumbua jicho moja. "Magharibi imeshaadhiniwa?" akauliza.

Wa kwanza alitoka na kandambili moja. Wa pili alitoka na pazia. Beseni lilitoka lenyewe.

Hapo ndipo niliposikia ukelele, nikashuka ngazi tatu tatu. Nilipofika mlangoni bibi naye kafika, kajifunga kanga yake kifuani, fimbo mkononi, anapepesa macho kwa ile taa. Chini ya turubai viti vilianguka safu nzima. Kuna aliyekuwa anasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti, kuna aliyekuwa tayari ng'ambo ya barabara.

"Nani kafa?" bibi akauliza.

Hakuna aliyejibu ila kijana wa viti, si mwenyeji wa mtaa, hajui lolote. "Bibi mmoja hivi," akasema, "mwenye nyumba hii."

"Mwenye nyumba hii ni mimi."

Kijana akatazama viti vyake, akaanza kuvihesabu.

Na katikati ya hayo bajaji ikafunga breki. Mama watoto huyo, katoka Pongwe kilio kimemtangulia, kanga imemwanguka mabegani, machozi haoni mbele. "Bibi yangu weee! Bibi yangu umeniacha na nani!" Akapita katikati ya watu moja kwa moja, akamwangukia kifuani mwanamke mzee wa kwanza aliyemkuta mlangoni.

Bibi akamkumbatia, akawa anampiga piga mgongoni. "Pole, mjukuu wangu," akamwambia. "Pole. Nyamaza. Yote ni ya Mungu."

Sijui ilipita dakika nzima au nusu. Mama watoto akanyamaza. Akainua uso. Ukelele aliopiga hapo, mji huu uitwao Tanga ulikuwa na haki ya kuitwa matanga.

Mzee wa bafta alikuwa kwenye mkeka wa mbele kabisa. Akanijia, miwani mkononi. "Mwanangu, si wewe uliyesema kapumzika?"

"Alipumzika, babu! Alilala usingizi wa mchana!"

"Na bafta isiyo na mshono?"

Basi ikabidi nieleze. Mbele ya watu sitini, waosha maiti wawili na kipaza sauti kilichokuwa bado kinawaka, nikaeleza habari ya kona za picha kuwa na giza, na vumbi, na mwanga unaotakiwa kuwa sawa. Nikasema vituo vikubwa vya darubini duniani vingi vina skrini nyeupe ndani ya kuba, wanaimulika, wanaielekezea darubini, wanapiga flati zao. Mimi sina kuba, nina bafta. Watu walinisikiliza kwa upole wa ajabu, ule wa kumsikiliza mgonjwa.

Mama watoto akapenya mbele. "Flati ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Yaani kweli ni kitambaa?"

Nikamwonyesha. Akakishika, akaketi chini pale pale sakafuni, akacheka mpaka watu wakaanza kumhofia na yeye. Bibi akamnyang'anya kile kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua kwenye taa. Akaniona mimi upande wa pili.

"Hiki?" akasema. "Mlitaka kunizika na kitambaa cha kuchujia tui?"

Palizuka ubishi wa rambirambi. Daftari lilikuwa limeshafika shilingi 63,500. Wengine wakasema zirudishwe, majina yapo. Mmoja akapendekeza zihifadhiwe, maana shughuli yenyewe ipo tu mbele huko, na akasukumwa na mke wake. Bibi akanyoosha mkono. "Mlinipa mimi," akasema, "na mimi nipo." Akazifunga kwenye pindo la kanga. Mchele ulikuwa umeshaingia kwenye sufuria, kwa hiyo watu walikula. Wengine walikula wakiwa wamekaa mbali naye kidogo.

Mwenye turubai alisema usiku halishushwi, atalichukua asubuhi.

Sikulala. Flati nilizonazo ni 11, na za mwisho mbili nazitilia shaka. Alfajiri nikapanda juu, kumekucha kidogo, jua bado liko chini ya bahari. Nikatazama lile turubai pale chini ya ukingo wa sakafu. Jeupe. Pana. Limekazwa vizuri na vijana wa viti, halina kunyanzi hata moja, na anga la alfajiri limeumwagia uso wake wote mwanga mmoja, laini, usiopwita. Nikaiteremsha darubini polepole, kamera sijaigusa, mpaka ikalitazama turubai. Sekunde mbili. Nikaangalia histogramu: kilima katikati. Nikapiga tena. Hakuna kikoi, hakuna tundu, hakuna Fundi Bomba. Mama watoto akaja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akaketi kwenye tofali, akaanza kunihesabia. Picha ya 22 ilitua kunguru, tukaifuta. Kwa 30 tukamaliza, jua linachungulia.

Jioni nikaiweka Lagoon kwenye laptopu. Kona hazina giza. Doa la vumbi hakuna hata moja. Wingu jekundu limekaa katikati ya nyota kama damu kwenye pamba, na ule ufa mweusi unaoligawa unaonekana kabisa. Nikampelekea bibi chumbani.

Akaisogeza usoni. "Hili ndilo lililoniua?"

"Ndilo, bibi. Humo ndani nyota zinazaliwa. Na huo mwanga unaouona umetoka huko zamani, umesafiri zaidi ya miaka 4,000 ndiyo ukafika kwetu."

Bibi akaitazama tena, kwa muda.

"Wenyewe umengoja miaka 4,000," akasema, "na wewe ukashindwa kuningoja niamke."

Jumatatu nikapita Ngamiani kulipa deni la bafta. Mzee akanipimia tena kwa macho, kutoka kichwani mpaka miguuni, akapokea pesa, akazihesabu mara mbili. Dukani walikuwemo wateja wanne, wote wamenyamaza.

"Na bibi?" akauliza.

Nikameza mate kwanza.

"Yuko macho, babu."